Swali la Kumi na Nne

Dodoso lina kurasa sita na mhuri wa chuo.
Swali la kumi na nne: Mvua huletwa na nini?
Weka alama moja tu.
Kisanduku cha kwanza, Mungu. Cha pili, mizimu.
Cha tatu, mgandamizo wa hewa.
Cha nne, sijui.

Nilishuka Usoke kwa treni ya usiku
iliyofika asubuhi.
Bi Kalunde alikuwa kivulini mwa bani,
anatunga majani ya tumbaku kwenye fito,
vidole vyeusi kwa utomvu.
"Moja tu?" akauliza.
"Ukishiba ugali, utasema umeshibishwa na moto,
na maji, au na unga?
Na aliyesonga, kisanduku chake kiko wapi?"
Nikayaandika pambizoni.
Kompyuta haisomi pambizo.

Babu yake alikuwa mganga wa mvua.
Mwaka ilipogoma, mtemi alimtoza mbuzi watatu.
"Huyu wenu wa redioni," akasema, "anatozwa nini?"
Hilo nalo nikaliandika.

Kipimamvua kimesimama nyuma ya kanisa,
kati ya mihogo na choo cha walimu,
kimezungushiwa seng'enge ili mbuzi wasijikune.
Katekista Mhoja Nsolo amekisoma miaka thelathini na mmoja,
saa tatu kamili asubuhi,
kwa miwani iliyofungwa uzi.
Madaftari kumi na saba, ya kaunta,
yananuka mafuta ya taa na panya.
Alipougua, alimsomea Maalim Sudi wa msikiti wa ng'ambo ya reli;
namtambua kwa mwandiko,
tarakimu zimelalia kushoto
kama mtu anayetaka kurudi alikotoka.
Wiki mbili za Maalim, hakuna kosa hata la nukta.

Kisha, Machi, tarehe tisa:
mraba mtupu.

"Hapa pana pengo," nikasema.
"Kitaalamu tunaliziba kwa wastani wa siku jirani."
Akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaivaa.
"Siku hiyo nilimzika Anjelina.
Ilinyesha tangu alfajiri.
Nilikwenda saa tatu kama kawaida, mguu ulinipeleka wenyewe,
nikachomoa chupa, nikaimwaga
bila kuiangalia.
Sikutaka kujua ni kiasi gani."
Kuku akapita juu ya daftari. Hakumfukuza.
"Ila kaburini walichota ndoo nne na nusu.
Ndoo za lita ishirini. Nilihesabu.
Sijui kwa nini zile nilizihesabu."

Usiku, nyumba ya wageni, taa ya sola inakonyeza.
Lita tisini.
Urefu wa kaburi, mita mbili. Upana, sentimita themanini.
Nikagawanya, nikaona haya, nikagawanya tena.
Milimita hamsini na sita, na robo.
Si kipimo: maji ya kaburini hutiririka pia kutoka pembeni,
na udongo hunywa chake kwanza.
Hakuna jarida litakalokubali.
Wala wastani wa siku jirani,
tisa nukta mbili,
siwezi kuuandika mahali walipoinama wanaume wanne
na ndoo.

Jedwali linataka namba. Mstari wake unapepesa
ndani ya mraba, unapepesa.

Dodoso zangu ni mia mbili na kumi na mbili.
Sitini na nane wamevunja sharti,
wameweka alama mbili, wengine tatu;
mmoja amechora mstari kuunganisha visanduku vyote
kama mtu anayefunga kuni.
Msimamizi ameandika: hao waondolewe, ni takwimu chafu.
Sijamjibu.

Nje, upande wa Urambo, mbingu imepasuka nyeupe.
Nikahesabu kutoka mwanga hadi ngurumo,
kama tulivyofundishwa kidato cha pili:
moja, mbili, tatu, nne,
na hapo nikausikia mdomo wangu ukisema, Ee Mola, isizidi,
tumbaku ya Bi Kalunde bado iko nje.

Tano.

Sita. Kilomita mbili.