Benchi la Juu

Ngoma ivumayo haidumu.
Sawa. Lakini sisi wanawake wanne, Jumamosi, Tampere,
nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
tunabishania ile iliyovuma na ikadumu.
Sauna ya jengo ni yetu saa moja hadi saa mbili,
imeandikwa mlangoni kwa kalamu iliyokauka nusu.

Tellervo ni mtu wa hesabu.
Chuma Baridi, anasema: sahani sita, miaka saba,
na katika zote sita
hakuna wimbo hata mmoja wa kujazia upande wa pili.
Anamwaga maji. Mawe yanafoka.
"Sita!" anarudia,
kana kwamba ni sisi tuliomdhulumu mahari.

Outi anacheka mpaka anashuka benchi la kati.
Na ile ya nne, Tellervo? Ile yenye filimbi?
Ile ya nne niliibadilisha kwa pampu ya baiskeli,
na hadi leo namwonea huruma aliyekuwa na pampu.

Yeye ni wa Mbweha Watatu,
tangu alipojifungia chooni kwa shangazi yake
na redio ya betri, ana miaka kumi na mitano.
Sahani tatu tu. Lakini kati ya hizo tatu
huwezi kupitisha wembe.
Kisha mpiga besi akafungua duka la mazulia
na wote wakajua kunyamaza.
Kunyamaza nako ni kipaji.

Tatu ni bahati, anasema Tellervo.
Na sita zenye filimbi ni nini?

Hapo ubishi ukashika moto kuliko jiko.
Kilele hupimwa kwa kimo chake,
au kwa muda uliokaa juu
kabla miguu haijaanza kukutafutia njia ya kushuka?
Sahani iliyorekodiwa jukwaani, imo?
Na mwaka ule mpiga gitaa alipovunjika mkono,
unahesabiwa, au unasamehewa kama deni la marehemu?

Mimi nikataja Saa Sita Kasoro.
Wakanitazama
kama mtu aliyekuja msibani na tarumbeta.

Raili alikuwa kimya, benchi la juu, pembeni kabisa,
pale ambapo sisi wengine hatumalizi dakika tano.
Raili wa zamu ya usiku kiwanda cha karatasi,
tuliyemjua miaka thelathini
kwa magoti yake mabovu na supu yake ya njegere.

"Siku kumi na moja," akasema.

Bendi gani?

"Yetu. Haikuwa na jina. Ngoma nilipiga mimi.
Februari, banda la trekta la baba yake Urho.
Nyimbo kumi na tisa, siku kumi na moja,
na mbovu haikuwemo.
Nilikuwa nalala na glavu,
naamka vidole vinagonga tayari mbao za kitanda.
Siku ya kumi na mbili theluji ikaangusha paa
juu ya spika. Tukasema tutarudi ikiyeyuka."

Tellervo alifungua mdomo, nadhani aseme
kisichorekodiwa hakihesabiwi.
Akaufunga. Akachukua kata ya maji, akampa Raili.

Zilikuwaje? akauliza Outi. Hizo kumi na tisa.

Raili akafikiri. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.
Kisha, kwa viganja viwili juu ya mapaja yake,
akapiga polepole mdundo uliovunjika katikati
ukajiokota wenyewe,
kama mtu anayejikwaa kwa makusudi.
Akakosea. Akaanza upya.

Mlango ukagongwa. Saa mbili na dakika nne.
Ni akina Rautiainen, taulo mabegani, watoto wawili,
na mdogo ameanza kutikisa kichwa
bila kujua anatikisia nini.

Subirini! akapaza sauti Tellervo, mtu wa hesabu.
Ndiyo kwanza tuko wa tatu.