Nukta

Fedha za klabu zinatosha moja, nami ndiye niliyetumwa kuchagua.
Basi Jumamosi, saa mbili, kwenye machimbo ya zamani nyuma ya mashamba ya chai.
Fort Portal bado imejifunika, mlima haujaamua kuonekana.
Mezani: bastola ya risasi ndogo, bisibisi, kitambaa,
na hizo mbili, zimeazimwa mpaka jioni.

Ya kwanza iko wazi. Kioo kimoja kimesimama wima,
chepesi hata bastola haijui kuwa imebeba kitu.
Nainua mkono, na nukta ipo kabla sijaitafuta,
nyekundu, imeelea juu ya karatasi mita ishirini na tano mbele.
Pembeni hakuna ukuta: naona nyasi,
naona mpaka kuku wa mlinzi.

Ya pili ni bomba fupi, nene, limezibwa vioo huku na huku.
Lina gramu za ziada ambazo kifundo cha mkono
huanza kuzidai kwenye risasi ya thelathini.
Ukiinua ovyo unapata giza tupu.
Linataka nidhamu, kama mwalimu wa zamu.

Saa nne mvua ikaja bila hodi.
Tone moja likaingia nyuma ya kile kioo, likakalia kijitaa;
nukta ikawa ukungu mwekundu, kisha ikawa si kitu.
Bomba nililifuta kwa kidole gumba, kazi ikaendelea.
Nikaandika daftarini: mvua, bomba.
Haraka, wazi.
Bei sikuiandika. Bei hujiandika yenyewe.

Kuna jambo jingine sikuliandika.
Katika zote mbili nukta ilikuwa na mkia,
kama tone la mchuzi lililoburutwa na mkono wa shati.
Nikapunguza mwanga. Mkia ukafupika, haukuondoka.
Nikalaumu kiwanda, betri, posta ya Kampala.
Nikamwita Baguma, anayelipa ada yake kwa mafungu:
"Apuuli, njoo uone ubovu."
Akalenga. Akakaa kimya.
"Atwooki, mbona ni mviringo? Kama punje ya mtama."
Nikatoa simu, nikapiga picha kupitia kioo.
Mviringo.

Miaka kumi na tisa nimelenga kwa vyuma,
jino la mbele katika mwanya wa nyuma.
Vyuma vina adabu: havikwambii jicho limechakaa,
wala havisemi mkono unatetemeka.
Nukta haina haya. Inaruka kwa kila pigo la moyo,
na mimi niliyejidhania jiwe
nikajiona jani.
Kadiri nilivyoikaza itulie, ndivyo ilivyokimbia.
"Iache itembee," Apuuli akasema, mdomo umejaa chapati.
"Vuta kifyatulio polepole. Kwenye kumi itapita tu."
Ikapita. Mara nne kati ya tano.
Ya tano iko kwenye ukingo wa machimbo mpaka leo.

Klabu niliiandikia: bomba,
maana huku kwetu mvua ni mkazi, si mgeni.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti cha daktari wa macho,
kidevu juu ya chuma baridi.
Akaniuliza empaako, akaniuliza umri,
kisha akaanza kubadilisha lenzi mbele ya jicho langu, taratibu,
kama mwenye duka asiye na haraka:
"Ya kwanza," akasema, "au ya pili?"

Nikamwomba arudie.