Nyuzi Nne

Vitone viwili vilitazamana,
kimoja kwenye gia ya krenki, kimoja kwenye gia ya kamshafti,
kama majirani wa Coventry juu ya ua wa mbao:
habari, nzuri, baridi leo, ndiyo, baridi.
Kitabu kinasema vikitazamana, kaza bolti.
Ningekaza.
Sauda ndiye aliyesema, "Baba, tupime."

Mama Gwenda wa namba kumi na moja
alituazima geji yake ya mshale,
imelala kasheni juu ya mahameli kuukuu.
Miaka thelathini alikagua shafti kiwandani.
Hakutupa nasaha. Alitaka irudi kabla ya Jumapili, imefutwa mafuta,
akafunga mlango, maana joto lilikuwa linatoka.

Gereji yetu ina upana wa gari na kiwiko cha mtu.
Februari inadondoka toka darini, tone kwa tone, shingoni mwangu.
Duara la nyuzi mia tatu na sitini tukalibana kwenye ncha ya krenki;
kishale tulikikata kwenye kiango cha waya
kilichokuwa kikibeba koti langu la kazini.

Kwanza, kilele.
Pistoni ikifika juu hutulia,
haipandi, haishuki, na krenki chini yake ingali inazunguka.
Hapo jicho hudanganyika.
Tukaiwekea kizuizi,
tukazungusha kulia mpaka ikagota,
kushoto mpaka ikagota,
tukaukuta ukweli katikati ya migoto miwili.

Kisha nundu, ile inayofungua valvu ya hewa.
Mimi spana, Sauda macho.
Upande wa kupanda: sitini na nane.
Upande wa kushuka: mia hamsini na mbili.
Akajumlisha kwa penseli ukutani, akagawa kwa mbili.
Mia na kumi.
Karatasi ya kamshafti inadai mia na sita.

Nyuzi nne. Si za kushonea,
ila kwa hizo injini nzima ingefumuka pumzi,
hewa ikibisha hodi na mwenye nyumba bado anatafuta kandambili.
Cheni mpya, gia mpya, vitone vya kiwandani vinang'aa,
na vyote vimesema uongo kwa adabu.

Kabari ya kusahihisha ilikuja kwa posta kutoka Leicester,
ndogo kuliko stempu yake, bega moja limesogezwa kando.
Nikaitia. Tukapima.
Sabini na mbili. Mia hamsini na sita.
Mia na kumi na nne.
Nilikuwa nimeigeuza.
"Tumechelewa zaidi," alisema Sauda, "kwa bidii,"
akacheka mpaka akashika meza.

Kuna nyuzi chache katika kila mzunguko
ambapo valvu ya moshi haijafunga
na ya hewa imeshaanza kufunguka,
anayetoka na anayeingia wanapishana mlangoni.
Napajua hapo.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jikoni,
mimi nimetoka kupanga vifurushi usiku kucha,
yeye anatafuta soksi ya pili.
Dakika ishirini, chai ikiwemo.
Aliyetupangia ratiba hiyo hakuazima geji kwa mtu.

Nikaitoa kabari, nikaigeuza, nikaigonga kwa mpini wa nyundo.
Sitini na nne.
Mia arobaini na nane.
Hakupiga kelele. Aliandika ukutani mia na sita,
akapigia mstari, penseli ikavunjika.

Jumamosi jioni tulimrudishia geji, imefutwa.
Mama Gwenda akafungua kasha, akanusa mahameli.
"Ngapi?"
"Mia na sita."
"Mlirudia?"
Tukatazamana, kama vile vitone.
Akanirudishia kasha.

Zamu yangu ilikuwa saa nne usiku.
Tukawasha tena taa ya gereji,
tukaanza upya, toka kileleni.

Mia na sita.
Nilichelewa kazini.