Chenji ya Mtu

Mji huu haukujengwa, ulishuka:
cherehani kwanza, imeviringishwa gunia,
kisha mabati, marobota ya kaniki,
manamba waliohesabiwa walikotoka
wakahesabiwa tena Muheza
kana kwamba njiani wangezaliana.
Aliyechelewa kupanda akafungua duka.
Aliyengoja mzigo usiofika akaoa.
Nyumba zikaipa reli uso, mashamba kisogo,
na kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli:
tulisomeshwa kwa chuma kilekile.

Mama, Chausiku binti Semhando,
aliuza machungwa kwenye madirisha ya watu wanaoondoka.
Alijua dakika saba ni ngapi:
mafungu kumi na mawili ukinyamaza,
tisa ukijibu salamu.

Mwaka ule mvua iliposomba mataruma,
mtu wa koti la kahawia alitoa shilingi tano.
Mama akafungua pindo la kanga, akahesabu,
na garimoshi, kama mtu aliyekumbuka jambo,
likasogea.
Alikimbia. Nilimwona,
ndala moja imebaki kwenye kokoto,
mkono juu, sarafu mbili vidoleni,
hadi jukwaa likamwishia.

Usiku alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
"Atapita tena," alisema. "Njia ni moja."

Kesho yake alikwenda nazo. Na keshokutwa.
Baadaye garimoshi likawa la mara mbili kwa wiki,
kisha la mara moja,
kisha la uvumi.
Nyasi zikapanda reli bila tiketi.
Stesheni masta akafuga kuku penye mizani ya mizigo.
Maduka nayo yakageuka, polepole, kwa aibu,
yakaitazama barabara ya lami;
mlango wa mbele ukawa wa uani.

Mama alikufa msimu wa machungwa.
Ndugu zangu waligawana vyombo. Mimi nikachukua kopo.

Juzi honi imelia tena.
Kuku wametawanyika, wazee wametoka na taulo kiunoni.
Nikaenda dirisha la tiketi na zile sarafu.
Karani, kijana wa jana tu,
akazigeuza, akazipulizia vumbi:
"Bibi, hizi hazitumiki."
"Si za kutumia," nikamwambia. "Ni za kurudisha."
Akacheka. Halafu akaacha kucheka.
"Alikuwa anakwenda wapi, huyo mtu?"

Na mimi, mtoto wa stesheni,
sikuwa nimewahi kujiuliza.