Kiazi cha Mwakani

Desemba, ukungu hulala Kitulo hadi saa nne.
Nawangoja wageni langoni, mikono kwapani,
buti za mpira, fimbo ya mwanzi,
na kadi shingoni: Ambwene Tweve, Mwongoza Watalii.
Picha yake nilipigwa Matamba. Nimekunja uso
kama mtu aliyesomewa mashtaka.

Huniuliza: umejuaje ua lilipo
na bado halijachomoza?
Nasema: uzoefu.
Neno hilo ni blanketi pana, najifunika mpaka kichwani.

Vidole hivi vilikuwa jembe.
Miaka saba nilipanda huku usiku na kiroba,
mbalamwezi kali, baridi ikinikata masikio,
nikipapasa majani kwa majina niliyoyapa mwenyewe.
Chini ya kila shina kuna viazi viwili.
Kimoja cheusi, kimesinyaa, cha mwaka jana,
kimemaliza kazi.
Kimoja cheupe, kigumu, kimejaa maji:
hicho ni ua la mwakani, limelala.
Mnunuzi wa Tunduma alitaka cheupe.
Nikampa cheupe.
Cheusi nikakitupa pembeni, na shimo nikaliacha wazi.

Siku hizi ninalipwa ili kisichimbwe kitu.
Dada yangu Tulalumba hilo halimwingii:
"Mtu apande kona hamsini na saba kutoka Chimala,
atapike njiani,
alipe, atazame, halafu aache?"
Aache, nasema.
"Na ua linabaki?"
Linabaki.
"Basi wote mna wazimu," akasema,
akainama tena kwenye viazi mviringo vyake,
vile ambavyo Mungu ameturuhusu.
Simlaumu. Fungu la kijiji limeezeka darasa moja;
la pili bado linatazama mbingu.
Kiroba kimoja cha chikanda kingenunua bati zote
na misumari.

Jumanne akaja mama mmoja wa Kasama,
Mama Mutale, kitenge juu ya suruali,
Kiswahili chake cha mpakani, kimechanika kidogo
lakini kinapita.
Nikamwonyesha okidi ya kwanza, ya njano,
ndogo kama ulimi wa paka.
Akauliza inaitwaje. Nikamwambia: kwenu ni chikanda.
Akapiga magoti kwenye umande.
Akakaa hivyo mpaka wenzake wakaanza kukohoa.
"Kwenye arusi yangu," akasema, "tulikata vipande
kama nyama, na pilipili, na karanga.
Nimekula tangu nina meno mawili.
Sikujua ina uso."

Mwaka gani, mama, arusi?
Akanitajia.
Nikageuka kutazama tandawala aliyekuwa akitembea mbali,
polepole, kama diwani anayekagua shamba,
maana mwaka ule ndio niliouza viroba kumi na vinne.

Hatukufika bondeni.
Hatua thelathini nje ya njia, shimo.
Udongo bado mbichi, kiazi cheusi kando yake.
Limekatwa kwa kushoto, kimshazari,
ili mizizi isilie, kama tulivyozoea kusema,
na watu wanaochimba hivyo ni wawili tu duniani:
mimi, na mdogo wangu Lwidiko, niliyemfundisha.

Wageni wakapiga picha za shimo.
Mmoja aliuliza kama ni nguruwe.
Mama Mutale hakuuliza. Alinitazama mikono,
kisha akaanza kusukumia udongo ndani kwa kucha zake,
nami nikasukumia kwa zangu,
ingawa sote tulijua humo hakuna kitakachoota.

Jioni nilipita kwa mlinzi wa lango.
Sikumpa jina.
Nilimwomba buti zile za ziada, namba tisa,
zilizokaa stoo tangu Fungo alipohamia Makambako.
Nimezifuta tope. Ziko hapa, chini ya kitanda.
Kesho kabla ya kupambazuka nitampelekea,
nimngoje mlangoni atakaporudi na kiroba.

Sijui kama zitamtosha.
Miguu yake ilikuwa midogo mara ya mwisho
nilipoitazama.