Mstari wa Kumi

Fomu inafungwa saa sita usiku.
Sasa ni saa tatu na dakika kumi,
theluji ya Watertown inagonga dirisha kama mdai kodi,
na mimi, Hrant Keshishyan, miaka kumi na saba na miezi minne,
natakiwa nijieleze
kwa mistari kumi,
kila mstari herufi mia na hamsini,
nukta na nafasi zikihesabiwa.

Waliosema mshika mbili moja humponyoka
hawakuiona fomu hii.
Hapa unashika kumi,
na kwa meno unashika alama.

Wa kwanza: tuba.
Sikuichagua. Mama alisikia saluni,
kichwa kikiwa ndani ya kikausha nywele,
kwamba wapiga fidla wamejaa kama siafu,
wa piano ndio usiseme,
ila mpiga tuba
vyuo vinamtafuta kwa tochi.
Kesho yake ikaingia sebuleni na koti lake jeusi,
mgeni mnene asiyejua kuaga.
Miaka miwili niliichukia.
Wa tatu, mazoezini, noti moja ya chini
ilinipanda kutoka nyayoni, viti vikatetemeka,
nikasahau kwamba kuna mtu ananitazama.
Hilo halikuenea. Nimeandika: kiongozi wa safu.
Safu yenyewe ni mimi peke yangu.

Wa pili, mijadala.
Wa tatu, ghala la chakula cha msaada, kila Jumamosi:
makopo ya maharage niliyapanga yakapangika,
sura ya mtu hata mmoja siikumbuki.
Wa nne, mbio za nyika. Nilikuwa wa thelathini na nane;
fomu haikuuliza.
Wa tano, wa sita, hadi wa tisa,
nisiwachoshe.

Kisha ile B ya kemia.
Mashindano ya bendi Jumapili, mtihani Jumatatu,
basi likaturudisha saa saba za usiku
nami nasoma kwa mwanga wa simu,
zinki na bati zikibadilishana viti.
Baba ni fundi bomba.
Aliitazama ile B kama atazamavyo ukuta
unaovuja kwa ndani:
hakusema kitu, akategea sikio.

Bi. Delvecchio, mshauri wetu, alisema
alama hukufungulia mlango, shughuli hukuvutia kiti.
Nikamuuliza, na anayekaa je?
Akaangalia saa. Nje walisubiri wengine kumi na wawili.
"Usiache mstari wazi," akasema,
"ni kama pengo. Msomaji hataona meno mengine."

Basi, wa kumi.
Alhamisi, kwa babu Hovsep, mchezo wa nardi.
Saa kwa wiki: mbili. Wiki kwa mwaka: hamsini na mbili.
Cheo: mshindwa.
Babu ni mwizi. Dadu ikionyesha tano
anasema sita, anasingizia miwani,
na chuo ninachoomba anakiita kile cha matofali.
Tangu Septemba sijaenda. Insha.
Shangazi anasema kete ziko vilevile mezani,
akipangusa vumbi anazizunguka.

Nikaandika. Nikapunguza. Nikaandika tena:
urithi, subira, daraja la vizazi.
Herufi mia na hamsini kamili, haikuzidi hata nukta.
Nikamsoma babu niliyemtengeneza:
kanyoa ndevu, kapakwa manukato,
anatabasamu kwa watu asiowajua,
na haibi.

Nikafuta. Si kwa mkupuo;
herufi moja moja, kinyumenyume,
kutoka vizazi hadi subira, subira hadi urithi,
mpaka kishale kikabaki kinapepesa
peke yake penye weupe.

Pengo na liwe pengo.

Saa sita kasoro dakika nne nimebonyeza.
Mama kalala kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni,
tuba kando yake kama mume wa pili.

Kesho ni Alhamisi.
Ataitupa dadu.
Tano ataiita sita.