Nipe Mji

Daktari alituonyesha picha: kadoa kadogo,
punje ya mchele, chini kabisa, ndani,
pale njia zote za kichwa zinapokutana.
Kama Essence saa moja asubuhi, nikawaza.
Lori moja likikwama pale, Bukavu nzima inapiga honi.

Miaka thelathini na mmoja Zihindula ameuza misumari Kadutu.
Nati aliijua kwa kidole, macho yamefumba,
akakutajia namba yake.
Sasa anashika kijiko, anakigeuza,
anakitazama kama mgeni aliyewahi kulala kwetu.
"Hii ni... ya kuchotea. Ni mtoto wa sahani."
Nikimwambia, sema kijiko,
anasema "kijiko", safi, bila kujikwaa,
kisha neno linashuka mteremko na maji ya mvua
mpaka ziwani.

Asubuhi afadhali. Jioni maneno yanachoka kabla yake,
na ufunguo unaitwa godoro,
na godoro halina jina.

Ni Nsimire, mjukuu wetu wa miaka sita, aliyeanza.
Babu alikuwa anatafuta kitu mezani:
"Nyeupe... ikikosa, sombe inanuna."
Mtoto akaruka: "Chumvi! Tega tena, babu!"
Tangu siku hiyo nyumba ina mtegaji.
"Yuko ukutani, anakula siku zetu, hanenepi."
Kalenda!
"Wadogo, wa ziwani, wanakuja sahani nzima na macho yao."
Sambaza!
Nsimire hajui kwamba mtegaji hana jibu,
kwamba anatega kwa sababu amenaswa.

Jana umeme ulikatika. Tukakaa na mshumaa.
Akaninyooshea kidole.
"Huyu... anakohoa kabla ya kucheka.
Alinishonea kifungo kwa uzi mwekundu, shati jeupe,
siku ya... siku ile. Kingali pale."
Nsimire alinitazama, akafunga mdomo.
Mimi jibu nilikuwa nalo tangu ubatizo.
Sikulisema.

"Nipe mji," akasema.
"Nimekupa Walungu," nikamjibu, kwetu, nilikozaliwa.
Akautafuna polepole. Walungu. Walungu.
Na kwa kuwa ndiyo desturi, aliyepewa mji lazima ausafiri,
akajiweka sawa kwenye kiti:
"Nilienda Walungu na ng'ombe watatu,
nikarudi na..."

Mshumaa ulikuwa umebaki kama kidole kimoja.
Tukangoja.